Kizuia Matangazo cha Kurasini

Nasikia mnalalamika. Brauza imejisasisha yenyewe mkiwa mmelala, asubuhi mnafungua simu, kizuia matangazo mlichokizoea hakifanyi kazi tena, na kurasa zimejaa viatu, mikopo na dawa za kupunguza tumbo. Mnaulizana kwenye magrupu: sasa tuweke kipi? Wanangu, swali hilo mimi nililiuliza kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Nililijibu vibaya, tena kwa kujiamini sana, na jibu langu nusura limtenge mama na binti yake moja kwa moja. Nimestaafu sasa, sina pa kuwahi, na nyinyi mnangoja kurasa zenu zifunguke. Basi tuzungumze.

Naitwa Fidea. Kwa miaka mingi nilifanya kazi kwenye ofisi ndogo Kurasini, jirani na yadi za makontena. Tulianza na mashine za chapa na faksi moja iliyokuwa ikimeza karatasi kwa hasira. Nchi ilipofunguliwa na mizigo ikaanza kumiminika bandarini, mawakala wa forodha waliota kila kona, na kila mmoja alitaka barua yake ichapwe sasa hivi, nakala tano. Halafu miaka ya tisini ikielekea ukingoni tajiri wetu akaleta kompyuta tatu na modemu, akabandika karatasi mlangoni: INTANETI IPO. Mimi nilitoka kwangu Kimara asubuhi nikiwa taipisti, nikarudi jioni nikiwa mtaalamu wa intaneti. Hakuna aliyeniuliza kama nimesomea.

Intaneti ile haikuwa hii yenu. Picha ilishuka kutoka juu, mstari kwa mstari. Kwanza unaona anga, kisha nywele, kisha paji la uso, na mteja ameshika tama akingoja ajue ni nani. Adhuhuri joto lilikuwa limekaa juu ya mabati, feni inageuza shingo huku na huku, kreni zinalia kwa mbali, na sisi watu watano sita tumenyamaza kimya tukitazama uso wa mtu tusiyemjua ukijengeka. Wengine walisinzia kabla pua haijafika. Nikizikumbuka siku zile huwa sina hakika kama niliziishi au niliziota, na sijawahi kupenda kazi yoyote kama nilivyoipenda ile.

Kilichoniudhi ni matangazo. Juu ya kila ukurasa lilitangulia moja, refu na jembamba kama rula, linametameta. Lilishuka kabla ya barua yenyewe, huku dakika za simu zikienda. Na lilikuwa na uwongo wa kitoto. Wiki ya kwanza kabisa wakala mmoja, Bwana Mbwambo, aliniita nimtafsirie Kiingereza kilichokuwa kinawaka juu ya kioo chake. Nikakisoma, nikapiga kelele: "Bwana Mbwambo, umeshinda gari!" Alinunua soda kwa ofisi nzima. Tukanywa, tukampongeza, akajaza jina na anwani yake mara saba. Mwaka mzima akawa anaulizia bandarini kama kuna gari lake.

Aliyenifunza kazi alikuwa Braza Omari, fundi wa simu, mtu mwembamba, mpole, asiyependa maswali mawili kwa mpigo. Yeye aliisikiliza modemu kama daktari anavyosikiliza kifua. Ikilia kwa mkwaruzo fulani alisema, "Kata, piga upya, hii haifiki," na kweli haikufika. Alinipa daftari la mistari, akaniambia kila nitakapobadilisha kitu kwenye mashine niandike kilikuwaje kabla. "Sista, siku kikikugeuka ujue pa kurudi," alisema. Nalirithisha neno hilo kwenu bila malipo, maana simu zenu nazo zina mipangilio mnayoivuruga halafu mnabaki kuapa kwamba hamjagusa kitu.

Ni yeye aliyeleta kizuia matangazo chetu cha kwanza, ndani ya disketi moja. Ilikuwa programu ndogo iliyokaa kati ya brauza na laini ya simu kama mlinzi wa getini: barua pita, tangazo rudi ulikotoka. Kurasa zikawa nyepesi. Wateja walidhani tajiri amenunua laini mpya, na mimi sikuwasahihisha.

Katika siku hizo tulivu ndipo alipoanza kuja Bi Mwanaidi.

Alikuwa mwenyeji hasa, mzaliwa wa Mtoni, mama wa makamo aliyejifunga kanga zake kwa unadhifu kiasi kwamba ukimwona unajikuta unarekebisha shati lako. Alikuja kila Alhamisi asubuhi. Nikimwamkia "Shikamoo mama," alijibu "Marahaba mwanangu," kisha akakaa, akavua ndara, akaweka miguu juu ya sakafu ya saruji iliyokuwa na ubaridi. Shida yake aliieleza siku ya kwanza bila kuzunguka. Mumewe alifariki. Akiwa ndani ya eda, ile miezi minne na siku kumi mjane anakaa nyumbani hatoki, binti yake wa pekee, Zainabu, aliondoka kwenda Denmaki kwa mume. Kibali kilikuwa kinaisha, alisema, ndege ilikuwa imelipiwa.

"Aliniaga mlangoni, mie nimekaa mkekani siwezi hata kumfuata nje," Bi Mwanaidi aliniambia. "Mwana anayekuacha ndani ya eda, mwanangu, huyo kakuacha mara mbili."

Miaka miwili walikuwa hawajasemezana. Kisha jirani mmoja akaleta kikaratasi chenye anwani ya barua pepe, na Bi Mwanaidi akaja nacho Kurasini kimefungwa kwenye pindo la kanga. Nikamfungulia sanduku lake la barua, neno la siri nikaliweka mimi kwenye daftari langu. Ndivyo tulivyofanya wakati ule. Nilikuwa na siri za nusu ya mawakala wa Kurasini.

Tukamwandikia Zainabu salamu fupi, naye akajibu upesi. Barua mbili za mwanzo nilizisoma kwa sauti, maana maandishi ya kioo yalimshinda mama yake. Hajambo, baridi ni kali, wasalimie majirani. Mimi ni mtu wa Songea, na lafudhi yangu haikufanana hata kidogo na ya mtoto wa Mtoni. Bi Mwanaidi alisikiliza akiwa amefumba macho, nadhani akijaribu kuniondoa mimi abaki na bintiye. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"La eda, hajalisema?"

"Hajalisema, mama."

"Basi mwandikie. Mwambie kuna neno moja nalingojea, na analijua. Salamu zingine azihifadhi."

Nikaandika hivyo hivyo.

Wiki hiyohiyo tajiri alileta sahani ya CD yenye brauza mpya. Wateja walikuwa wanaitaka, kurasa nyingine zilikuwa zimeanza kukataa ile ya zamani. Nikaiweka mwenyewe, nikanywa chai, nikafungua ukurasa wa kwanza, na juu yake lile tangazo likametameta likinicheka. Brauza mpya haikumtambua mlinzi wetu wa getini. Nilijaribu kumrudisha kwa kufuata daftari langu, hatua kwa hatua, akakataa. Na Braza Omari alikuwa Mtwara kwa kazi ya mwezi mzima. Nikajiambia, Fidea, leo wewe ndiye fundi.

Nilikuwa na njia tatu mbele yangu, na nawaeleza kwa sababu za kwenu leo hazina tofauti kubwa na hizo. Ningeweza kuzima picha zote. Nilijaribu nusu siku, kurasa zikaruka kwa kasi, lakini vitufe vingi vilikuwa picha pia, na wakala mmoja alibonyeza gizani akafuta barua aliyokuwa anaijibu. Ningeweza kuandika orodha ya anwani za wenye matangazo na kuiambia kompyuta iwakatae hao tu. Njia hiyo ndiyo salama, ila inataka mtu mvumilivu, maana kila siku wanazaliwa wapya, na orodha unaijaza kwa mkono. Ya tatu ilikuwa programu mpya iliyokuja ndani ya sahani ya gazeti moja la kompyuta. Hiyo haikuuliza picha imetoka kwa nani. Iliangalia umbo. Chochote kirefu na chembamba kama rula ilikiondoa, na mahali pake ikaweka weupe safi, hata usijue kwamba palikuwa na kitu.

Nikachagua hiyo ya tatu. Niliipenda kwa sababu ya ule weupe. Niliijaribu kwenye kurasa kumi, saa ya ukutani mbele yangu: magazeti, ratiba za meli, bei za magari ya Japani. Ilipita zote. Sikuijaribu kwenye barua ya mtu hata mmoja. Nikaiweka kwenye kompyuta zote tatu, nikakaa nikapepewa na feni, nikajiona mtu mkubwa sana.

Alhamisi iliyofuata kulikuwa na barua ya Zainabu. Kichwa chake kiliandikwa: Kwa Mama. Nikaifungua. Ndani peupe.

Nilishusha chini, nikapandisha juu. Hakuna neno. Nikamwambia Bi Mwanaidi pengine ameibonyeza kwa bahati mbaya kabla ya kuandika, hutokea. Akaitikia. Alhamisi ya pili ikaja nyingine, Kwa Mama, peupe. Ya tatu vilevile. Safari hii Bi Mwanaidi aliinama akakitazama kioo mwenyewe kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama ndani ya kisima.

"Nimemwomba neno moja," akasema. "Kanijibu kwamba hana."

"Mama, labda mtandao..."

"Mtandao gani unaojua kuandika Kwa Mama halafu ukasahau yaliyobaki? Andika, mwanangu. Andika: Nimezipata barua zako tatu tupu. Nimeelewa. Usiniandikie tena."

Nilimuuliza kama tungoje Alhamisi moja zaidi. Alinitazama tu, na mimi nilikuwa nimelelewa kutobishana na mama wa mtu. Nikaandika, nikatuma. Alivaa ndara zake akatoka bila kuaga, naye hakuwa mtu wa kuondoka bila kuaga. Siku nzima nilikosea kuchapa.

Siku mbili baadaye Bwana Mbwambo alikuja juu. Hati ya mzigo wake imetoka kwenye printa bila kichwa, bila jina la kampuni ya meli, na forodha wamemrudisha.

"Sista, mashine yenu imenyoa hati yangu kichwa!"

"Kaka, labda wametuma hivyo."

"Mwenzangu wa mjini kaifungua hiyohiyo ina kichwa, tena kirefu hivi, kimejaa jina la meli!" Akanionyesha kwa viganja viwili urefu wake.

Nilipoona viganja vile nilikumbuka ile rula. Nikazima kizuia matangazo, nikafungua hati upya. Kutoka juu, pole pole, kikashuka kichwa cha kampuni: kirefu, chembamba. Nikamchapia, nikamwomba radhi, naye akaondoka akiguna. Ofisi ikabaki na mimi na feni. Nikafungua sanduku la Bi Mwanaidi, nikabonyeza ya kwanza kati ya zile barua tupu.

Kwanza ulishuka ukingo mweusi. Kisha wekundu. Kisha vichwa vya herufi kubwa, vikianza kujitokeza kama watu wanaopanda kutoka bondeni. Ilikuwa kanga. Zainabu alikuwa amepiga picha kanga, akaipunguza picha ukabaki ukanda mrefu, mwembamba, wenye jina tu, ule mstari wa maneno unaokaa chini, akautuma mama yake ausome. Nikafunga ukurasa kabla maneno hayajakamilika. Yalikuwa si yangu. Nilikuwa nimeshasoma vya kutosha vya watu wale.

Ndipo nikaelewa, na niliona haya hata peke yangu. Bi Mwanaidi alijua kusoma. Alijifunza darasa la watu wazima, herufi kubwa nyeusi ubaoni, na majina ya kanga aliyasoma mbali akiwa ng'ambo ya barabara. Kilichomshinda ni herufi ndogo za kwenye kioo. Binti yake alikuwa na neno, lile lile aliloombwa, ila hakutaka lisemwe na mdomo wa mtu wa ofisini. Alitafuta njia ya kumfikishia mama yake ana kwa ana. Na mimi nikamweka mlinzi getini.

Nilifunga ofisi mchana kweupe, nikabandika karatasi mlangoni kwamba nimeuguliwa, nikaenda Mtoni. Bi Mwanaidi alikuwa uani anachagua mchele kwenye ungo. Nilimwamkia, nikapiga magoti palepale kwenye mchanga, nikaeleza yote: brauza mpya, matangazo, urefu na wembamba. Nilieleza vibaya sana. Alisikiliza mpaka mwisho, ungo umesimama hewani.

"Yaani huo mtambo wako," akasema taratibu, "umemla mwanangu mara tatu?"

"Ndiyo, mama."

"Na mie nikamfukuza."

"Ni kosa langu, mama. Nisamehe."

Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka amejifunga kanga za kutokea. Njia nzima mpaka Kurasini nilitembea nyuma yake kidogo, nikijisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia nikiwa kazini. Alasiri ilikuwa imeingia na upepo umeanza kupoza mabati. Nikamkalisha, nikawasha, modemu ikaanza kulia. Niliomba Mungu laini isikatike.

Juu ya barua lilitangulia tangazo, lile linalometameta, maana kizuizi sasa kilikuwa kimezimwa. Nikachukua karatasi nilifunike lisimkere.

"Liache," akasema. "Leo usinifichie kitu. Kipi cha maana nitajua mwenyewe."

Kanga ikashuka. Ukingo, wekundu, vichwa vya herufi, viwiliwili, miguu. Bi Mwanaidi aliinua kidole, akakiweka karibu na kioo bila kukigusa, akasoma herufi moja moja kwa sauti ya darasani. NIMEKOSA MAMA NISAMEHE. Akaniashiria nifungue ya pili. MAMA USINICHOKE. Akaashiria tena. NANGOJA NENO LAKO MAMA. Tulikaa hivyo, sisi wawili, mwanga wa kioo usoni kwetu, na nakumbuka sikusikia kreni wala feni wala kitu chochote cha Kurasini.

Ghafla akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo.

"Hebu rudisha ile ya kwanza."

Nikairudisha.

"Unaona hapo kwenye N? Huo uzi mweusi?" Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hapo pasi iliunguza, nikapashona mie mwenyewe kwa mkono wangu. Hii kanga yangu! Na ile ya pili yangu, na ya tatu yangu! Wallahi nilizitafuta sandukuni eda nzima, nikamsingizia mke wa mpangaji. Kumbe kaondoka nazo huyu!"

Akaanza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akayafuta kwa upande wa kanga, akacheka tena. Nami nikalia, nawaambia ukweli, nililia kama mtoto. Zainabu alikuwa ameondoka na kanga za mama yake, zile alizozikuta juu kabisa ya sanduku, zenye udi wake na jasho lake, akazibeba mpaka kwenye baridi.

"Andika," Bi Mwanaidi akasema alipotulia.

Nikakaa sawa, vidole tayari.

"Andika: Zainabu, kanga zangu tatu ulizochukua nimeziona. Zirudishe mwenyewe, kwa mkono wako."

Niliandika. Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Alikuwa anatafuta ndara zake kwa vidole vya miguu chini ya meza.

"Mama," nikasema, "na kwamba umemsamehe, nisiandike?"

Alinigeukia, akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mgeni aliyeshindwa kula kwa mkono.

"Mwanangu," akasema, "si nimeshakwambia umwandikie?"

Nikabonyeza, barua ikaenda.